Kituo cha tuisheni Chake: wanasomesha vizuri, ila hilo somo la nne likataeni

Assalaam alaykum wazazi wenzangu, hasa wenye watoto walopangiwa fom faivu. Kijana wangu yuko PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na keshamaliza mwaka mzima kwenye kituo kimoja cha tuisheni hapa Chake, jina silitaji kwa sababu maalim wa pale wanajitahidi sana na sitaki kuwaharibia, ila nataka mzazi anaempeleka mwanawe aende anajua.

Kusomesha wanasomesha, hilo nasema kwa moyo mmoja. Maalim wa kemia ndo nguzo ya pale, prakitiko anaifanya kweli sio ya kuandika ubaoni, kila watoto wawili bureti yao, wakati skuli mwanangu alikuwa anasubiri zamu mpaka kengele inalia hajagusa kitu. Pasti pepa zimo humo humo kwenye ada, hutoi hela ya fotokopi. Baiolojia nzuri, fizikia ya wastani.

Sasa tatizo langu ni siku ya kuandikisha. Kila somo elfu 15 kwa mwezi, halafu yule anaepokea akaniambia somo la nne elfu 5 tu, mtie na hesabu ile adivansi, mama, likimshinda si atabakiwa na matatu yake, hupotezi kitu. Mimi nimeishia fom foo, nkaona manne bora kuliko matatu na bei ndo hiyo, nkalipa. Hakuna alomuuliza mtoto anataka kuwa nani, na mimi mwenyewe sikumuuliza, hilo linaniuma mpaka leo.

Kilichotokea ni hivi. Asubuhi skuli, jioni tuisheni, usiku hesabu za adivansi mpaka saa 6 na saa 7, chuoni kwa maalim wake wa Qurani akaacha kwenda, kula kwenyewe anasinzia. Kemia alianza na 62, mtihani wa muhula wa pili akaleta 44, na hiyo ndo kemia alokuwa anaipenda! Hesabu yenyewe akapata 21. Kwahiyo sio kweli kwamba hupotezi kitu, somo la nne halikai peke yake pembeni likisubiri kushindwa, linakula saa za yale matatu.

Nkaenda kumuona yule maalim wa kemia, Mungu ampe kheri, akachukua karatasi akanihesabia pepa za mtihani wa fom siksi. Fizikia pepa 3, kemia 3, baiolojia 3, kila moja na prakitiko yake, hizo 9. Ongeza BAM, ile hesabu ndogo ya lazima kwa asosoma adivansi, na mengine ya lazima, zinapita 10, na huyo ni mtu wa masomo matatu tu! Ukimtia adivansi, BAM inatoka lakini zinaingia pepa 2 na silabasi nzito kuliko zote. Halafu divisheni inahesabiwa kwa masomo matatu, pointi 3 mpaka 9 ndo divisheni wani, la nne halimuongezei kitu pale. Nkauliza na ukitaka udaktari? Akasema udaktari wanataka fizikia kemia na baiolojia, zote tatu na ziwe nzuri, uinjinia ndo wanaotaka hesabu adivansi na fizikia. Usiku ule ndo nkamuuliza mwanangu, akanijibu mama mimi nataka hospitali, tangu bibi alipolazwa nataka hospitali. Basi asubuhi yake nkaenda kulitoa.

Sisemi manne hayafai kwa kila mtu. Pale pale kuna binti mmoja anayo manne na anayaweza, lakini yule hesabu ya fom foo alipata A na hajaamua bado baina ya udaktari na uinjinia, kwake lina maana. Mwanangu alipata C.

Kulitoa kulikuwa kazi pia, walitaka nimalizie muhula, nkalipa miezi miwili ya somo ambalo mtoto hasomi. Ulizeni hilo mapema kabla hamjatoa hela, na mkiambiwa ofa ombeni kwanza mzungumze na maalim wa somo, sio mtu wa mapokezi.

Kijana sasa yuko matatu yake na BAM, chuoni karudi, kemia mara ya mwisho 67. Kwa kusomesha nawapa nyota 4, kwa ushauri wa masomo 1. Atakaempeleka mtoto Jumamosi amuwahishe kabla ya saa 2, mabenchi hayatoshi na wakichelewa wanasimama.