Kadi za mchango za Kiingereza, steshenari za Mwanza mjini: uchapaji safi, kitenzi kibovu

Kwa uchapaji, steshenari za Makoroboi na mitaa ya jirani hazina deni. Karatasi ni ngumu, rangi haichujuki, na mstari wa ahadi uko pale mhazini anapoutafuta. Kadi ya Kiswahili ichukue bila wasiwasi. Ya Kiingereza, ile ya kupelekewa wageni wa ofisini, isome kwanza, maana kosa limekaa kwenye neno lenyewe la kuombea fedha: "contribute".

Chanzo ni Kiswahili chetu. Tunasema "changia harusi", na ile -i- ya changia ndiyo inayobeba "kwa ajili ya". Kitenzi tupu ni changa, na kinachochangwa ni fedha. Sasa "contribute" ni changa, si changia: kinachokifuata moja kwa moja ni kitu kinachotolewa. Kwa hiyo "contribute our wedding", sentensi inayonakiliwa kadi hadi kadi, inamwomba mgeni aitoe harusi yenyewe kuwa mchango! Kilichokosekana ni "to": "contribute to our wedding". Kiasi kikitajwa, kinatangulia: "contribute 50,000 shillings to our wedding". Kwa gharama, "towards" nayo inakaa vizuri. Wavuvi wa Mwaloni wakichangishana petroli ya injini, ni "each contributed 10,000 shillings towards fuel". "Contribute us" ifutwe kabisa.

Mafundi wengine hukwepa kwa kuweka "donate". Hapana. Hiyo ni kutoa msaada, na haina wazo la kuungana. "Contribute" inalo tangu Kilatini, ambako con- ni "pamoja". Shemeji akiambiwa "donate", kadi inasomeka kama ya kituo cha misaada. (Kwenye damu mambo hugeuka: sisi huchangia damu, Kiingereza husema "donate blood".) "Chip in" ni ya mdomoni, marafiki wakikusanya hela ya sato, kwenye kadi inapunguza heshima. "Pledge" ni ahadi tu. Fedha ikishapokelewa, mhazini aandike "contribution".

Ukienda, peleka sentensi yako ikiwa imeandikwa kwa herufi kubwa, usimsomee fundi kwa mdomo. Omba nakala moja kwenye karatasi ya kawaida kabla kadi zote hazijatoka, na uisome hapo hapo kaunta. Usitegemee kompyuta ipige mstari mwekundu: katika "contribute our wedding" kila neno lina tahajia sahihi, hivyo kikagua tahajia kinaipitisha.

Sentensi ya kupeleka ni hii: "We kindly ask you to contribute to the wedding of our son." Baada yake jina la kijana, namba ya kupokelea, na siku ya mwisho ya michango.