Seti ya kutengenezea karatasi za mikungu ya ndizi: uzoefu wangu hapa Mombasa

Seti niliyonunua ina fremu mbili za mbao za saizi ya A4, moja yenye wavu na nyingine tupu ya kukaa juu yake, vitambaa vya pamba, na mbao mbili za kukandamizia zenye nati nne. Kwa anayetengeneza kadi, lebo au mifuko ya zawadi, naipendekeza. Lakini aliyeiunda hakuifikiria hewa ya Pwani.

Wavu wake ni wa waya. Kwa chumvi ya hewa yetu hushika kutu upesi, na kutu huacha madoa ya rangi ya chai yasiyotoka. Ung'oe kabla hujaanza kazi, uweke wavu wa nailoni wa kuzuia mbu madirishani, uuvute ukaze kama ngoma. Ukilegea, maji hukusanyika katikati na karatasi hutoka nene tumboni, nyembamba pembeni. Mbao nazo zipake vanishi mara mbili, la sivyo zitavimba na fremu hazitakaa sawa.

Malighafi haina shida. Pale soko la Kongowea, mikungu iliyobaki baada ya ndizi kukatwa vichana hutupwa kila siku. Chagua mibichi, kwani iliyoanza kuoza ina nyuzi dhaifu. Karibu yote ni maji: kilo 10 mbichi zikikauka hubaki kilo moja hivi, au pungufu. Wengi hapa hufikiria makumbi ya nazi kwanza. Mimi siyataki: yana lignini nyingi mno, yaani gundi ya asili inayokaza nyuzi za mmea, hayalainiki vizuri, na karatasi yake hukatika ukiikunja. Ukitaka uimara, changanya mikungu na mabaki ya mkonge.

Katakata vipande vya sentimita 2 hadi 3. Vikizidi hapo, nyuzi hujisokota kwenye visu vya blenda na mota huungua. Kwa kilo 1 kavu tia gramu 200 za soda ashi, ile inayochimbwa Ziwa Magadi, na maji lita 15, uchemshe saa 2 hadi 3. Maelekezo ya seti yanasema utumie sufuria yoyote, na hili ni kosa la hatari: soda huila alumini. Tumia stenlesi au enameli, vaa glavu, na upikie nje. Chomoa uzi mmoja uuvute. Ukiachana kwa urefu wake bila kushindana nawe, umeiva.

Suuza mpaka maji yasiteleze tena vidoleni. Maji ya kisima chenye chumvi yanafaa kwa suuzo za mwanzo tu. Suuzo la mwisho liwe la maji yasiyo na chumvi, ya mfereji au ya mvua, kwani chumvi ikibaki, karatasi itavuta unyevu siku zote. Kisha saga kwa blenda, konzi ndogo kwa jagi lililojaa maji, ukipumzisha mota. Rojo hilo limimine kwenye beseni la maji, ulichote kwa fremu, na kila karatasi uipindue juu ya kitambaa, tayari kukandamizwa.

Kadi moja ya A4 hula gramu 10 hivi za nyuzi kavu. Kwa kuwa karibu nusu ya uzito hupotea jikoni, kilo moja ya mikungu mikavu haitoi zaidi ya kadi 50. Panga bei zako ukijua hilo.

Udhaifu mkubwa wa seti hii ni zile nati nne. Nyuzi hushikana zinaposogezwa karibu sana huku maji yakitoka, na mkono wa mtu haufikishi nguvu hiyo; karatasi hutoka yenye manyoya. Mwambie fundi welda akuundie fremu ya chuma, uweke jeki ya gari ya tani 2. Ukishakamua, bandika karatasi kwenye kioo, kivulini, mbele ya feni. Jua kali huzikunja. Masika, Aprili na Mei, ukiziacha na vitambaa vibichi usiku kucha zitaota ukungu.

Kuhusu wino seti haisemi neno. Pika uji mwepesi wa wanga wa muhogo, gramu 30 kwa lita moja ya maji, upake kwa brashi pande zote mbili, ukaushe na kukandamiza tena. Bila hivyo wino hutawanyika, na mteja wa kadi za harusi atakurudishia mzigo wote.