Pigeon Island: upande Fort Rodney au Signal Peak?

Pigeon Island, kaskazini mwa Saint Lucia katika Karibi, si kisiwa tena. Tangu miaka ya 1970 kimeungwa na kisiwa kikuu kwa tuta. Ukishalipa kiingilio, vilima viwili viko mbele yako, na mwenye haraka hana budi kuchagua kimoja.

Fort Rodney ndicho kifupi. Baada ya magofu ya kambi za askari, njia inapanda hadi kwenye ngome iliyojengwa na Waingereza baada ya kuiteka Saint Lucia mwaka 1778, ili wawachungulie Wafaransa waliokuwa Martinique, kisiwa jirani. Mizinga bado ipo. Ghuba iliyo chini ndiko manowari za Admirali George Rodney zilikotia nanga kabla ya kuwafuata Wafaransa Aprili 1782 na kuwashinda katika Mapigano ya Saintes. Mpenda historia aende huku bila kusita.

Signal Peak ni kirefu zaidi, takriban mita 100, na mwinuko wake ni mkali. Kandambili ziache ufukweni. Mabaki ya kale ni machache. Lakini upepo wake! Na anga ikiwa safi, Martinique inaonekana ng'ambo. Wenye watoto wadogo, mimi ningewashauri waishie ngomeni.