TÜİK au ENAG: mfumuko wa bei Uturuki usomwe wapi?

Oktoba 2022, TÜİK, shirika la takwimu la serikali, lilitangaza kuwa bei zimepanda kwa asilimia 85.51 ndani ya mwaka. ENAG, kundi la wasomi huru lililoanza kazi mwaka 2020, likasema 185.34. Mwezi uleule, nchi ileile.

Kwenye mkataba, TÜİK pekee ndiyo ina nguvu. Nyongeza za pensheni na mishahara ya watumishi wa umma, Januari na Julai, hutegemea takwimu zake. Kodi ya nyumba nayo pia. Hapa wapangaji wengi huumia: ukomo wa nyongeza ya kodi ni wastani wa mfumuko wa bei wa miezi 12 na si kiwango cha mwaka, kinacholinganisha mwezi mmoja na mwezi uleule wa mwaka uliopita. Oktoba ile wastani ulikuwa 65.26, hivyo anayekubali 85 amejiongezea mzigo bure. (Wakati huo nyumba za kuishi zilikuwa na kikomo maalumu cha chini zaidi, asilimia 25, kilichoisha Julai 2024; hivyo 65.26 ilihusu majengo ya biashara.)

ENAG hukusanya bei mtandaoni kwa programu ya kompyuta. Ni kasi, lakini nyanya za gulio la mtaani hazina tovuti, kwa hiyo tarakimu yake isichukuliwe kama kipimo kamili.

Hata hivyo, tangu 2022 TÜİK iliacha kuchapisha orodha ya bei za bidhaa mojamoja. Hilo ni kosa kubwa: bila orodha, raia hawezi kulinganisha bei ya mkate wake na ile iliyoandikwa.