Stendi ya simu ya pikipiki ya Kariakoo: maoni ya mwenye chombo

Nina pikipiki moja, Boxer, anaiendesha mtoto wa kaka yangu. Ana miaka 19, leseni anayo, hesabu, yaani hela ya kila siku ya mwenye chombo, analeta bila kusukumwa. Mimi ni fundi cherehani Mbagala. Meza yangu iko barazani, barabara inapita mbele yangu, na kivuko cha watoto wa shule ya msingi kiko upande wangu wa kushoto, hatua chache tu. Kwa hiyo hii stendi ya simu nimeinunua kwa hela yangu, na kazi yake naiona nikiwa nimekaa, mguu uko kwenye pedeli.

Bei ni 12,000 baada ya kupatana. Muuzaji alianzia 18,000 na kiapo juu. Ni ile ya makucha manne yanayobana simu kwenye kona, na juu yake kuna mpira unaovutwa kupita kona zote. Chini ina kibano cha kufunga kwenye usukani, na kifunguo chake kimo kwenye boksi. Ipo aina nyingine, ya pochi ya plastiki ya kuzuia mvua. Hiyo msichukue. Jua la saa saba mchana likiipiga, simu inachemka humo ndani na kioo kinaingia ukungu, halafu dereva ndiyo anazidi kuinama atafute alama ya njia.

Kwenye kushika, sina la kulalamika. Barabara zetu za ndani mnazijua, mashimo na matuta, na simu haijawahi kuruka. Mpira umeanza kulegea kona moja, lakini wa akiba unauzwa 1,000 kwa mafundi wa pikipiki. Ila kama simu yako ni ya bei, jua kwamba injini ya pikipiki inatikisa. Apple wenyewe walitoa tahadhari mwaka 2021 kwamba mtikisiko wa pikipiki zenye injini kubwa unaweza kuharibu kamera za baadhi ya simu zao, wakashauri wasizifunge kwenye usukani. Boxer si pikipiki kubwa, na ya kijana wangu ni Tecno, kwa hiyo hilo halikutunyima usingizi.

Sasa tuje kwenye sababu ya kuinunua. Kijana yuko kwenye programu ya kuita usafiri. Zamani alikuwa anaibana simu kwenye helmeti, kati ya shavu na sponji, au anaishika mkono wa kushoto huku wa kulia uko kwenye mafuta. Mkono wa klachi ukiwa na simu, akitokea mtoto mbele utafanyaje? Nikasema nitoe 12,000, mikono yote irudi kwenye usukani. Na kweli imerudi. Hapo stendi inastahili sifa zake.

Lakini siku moja nilipanda nyuma yake kwenda Kariakoo kufuata vitambaa. Ukiwa nyuma unaona kitu ambacho mtu wa barabarani haoni: helmeti inavyoinama. Simu ikitoa mlio, kichwa kinashuka. Kikishuka nahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, kinapanda. Tunakwenda kidogo, mlio, kinashuka tena. Karibu na kivuko kimoja alikuwepo mama wa vitumbua na beseni kichwani. Ameshatanguliza mguu mmoja kwenye mistari, akatuona, akaurudisha. Kijana hakumwona kabisa. Nilipomgonga bega akanijibu, "Shangazi, sisomi, naangalia tu."

Naangalia tu. Haya, tufanye hesabu ya hiyo "tu". Pikipiki ikiwa kwenye kilomita 40 kwa saa, ambayo kwa vijana wetu ni mwendo wa kusinzia, kila sekunde inakula mita 11. Hesabu yangu ya moja mpaka tatu ni mita 33. Kwa hapa kwetu ni kutoka duka la Mangi mpaka ng'ambo ya kivuko. Njia yote hiyo pikipiki inakwenda yenyewe, aliyeishika anaangalia mshale wa bluu. Na hapo breki bado haijaguswa.

Stendi yenyewe inachangia. Ukiifunga katikati ya usukani, kama inavyoonyeshwa kwenye picha ya boksi, inakaa chini sana na inaziba mita ya spidi. Macho yanatoka barabarani moja kwa moja mpaka karibu na tangi. Tulijaribu kuihamishia kwenye mguu wa saiti mira, ikapanda juu kidogo na kichwa kikapunguza kuinama. Ni afadhali, lakini kijana akaanza kuona ana ruhusa zaidi, kwa kuwa sasa "naona njia na simu kwa pamoja". Hakuna anayeona viwili kwa pamoja. Akili inahama, inarudi, inahama.

Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana hatari ya kupata ajali karibu mara nne ya asiyetumia, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi haina usalama mkubwa kuliko ile inayoshikwa. Kuandika ujumbe ndiyo balaa zaidi. Shirika hilo hilo linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29 duniani. Hebu iangalieni hiyo miaka. Anayeendesha pikipiki yangu yumo, na wale wa darasa la kwanza wanaovuka mbele ya cherehani yangu, begi kubwa kuliko mgongo, nao wamo.

Nisiwaonee vijana, maana simu haiwaachii nafasi. Programu inaita, na akichelewa kukubali abiria anapewa mwingine. Akiwa njiani na abiria, inaita tena kumtangazia mwingine aliye mbele. Mteja naye anapiga: "Uko wapi? Mbona nakuona unazunguka?" Kikundi cha kijiwe cha WhatsApp kinatoa mlio kila mtu anapopost mdomo wa Yanga au wa Simba. Kijana wa umri huo hawezi kuuacha mlio bila kuuangalia. Hata mimi wa umri huu inanishinda nikiwa na sindano mkononi. Wenye programu ndio nawashangaa. Simu inajua mwendo wa pikipiki, ndiyo maana abiria anaiona inavyosogea kwenye ramani. Kwa nini wasizuie maombi mapya mpaka chombo kisimame? Hilo lingefanya kazi kuliko stendi yangu na maneno yangu yote.

Na polisi? Faini ya makosa ya barabarani kwa bodaboda ilishushwa kutoka 30,000 mpaka 10,000 kwenye bajeti ya 2021/22. Kwa hiyo stendi imeizidi faini bei. Sisemi zaidi.

Kinachopunguza mwendo kweli kweli pale kivukoni ni tuta. Kuna watu wa Amend, shirika la usalama barabarani, ambao kwa miaka wamekuwa wakizunguka shule za msingi hapa Dar es Salaam, wanaweka matuta, vivuko na njia za pembeni za watoto. Mpango wao huo, unaoitwa SARSAI, ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mwaka 2019. Ukiliona tuta unaelewa kwa nini: kijana awe anachati, awe anaangalia ramani, lazima apunguze, la sivyo mkate wa abiria unaruka. Mtoto akivuka anakutana na pikipiki ya mwendo wa miguu. Shule ambayo bado haina tuta, wazazi muwe kero serikali ya mtaa, barua iende, na ikikaa kimya iende nyingine.

Turudi kwenye bidhaa. Stendi sijaitoa, ila tumeibadilishia kazi. Kabla hajawasha pikipiki, kijana anaangalia njia yote, anauliza alama: msikiti, sheli, duka gani. Dar es Salaam bado unafika kwa kuuliza. Akishaondoka, simu inaingia mfuko wa ndani wa jaketi, vikundi vyote vimezimwa sauti, na imewekwa isisumbue. Akipotea anasimama pembeni, anaibandika kwenye stendi, anaangalia, anaitoa. Mwanzoni alinuna, akasema atakosa abiria. Amekosa baadhi, ndiyo, na hesabu nimempunguzia, kwa sababu siwezi kumwambia aache kugombania halafu jioni namdai kama vile amegombania. Wenye vyombo wenzangu, hapo kwenye hesabu ndipo mazungumzo yalipo. Ukimbana mtoto wa watu alete 10,000 kila siku, mvua au jua, ujue macho yake hayatoki kwenye simu.

Siku hizi stendi inatumika zaidi pikipiki ikiwa imeegeshwa kijiweni. Vijana wanaizunguka, simu moja, wanaangalia mechi, na kwa kazi hiyo haina mpinzani: haitingishiki, pembe unageuza utakavyo, chaji inaingia bila kuitoa.

Kwa ubora wa kitu chenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimekata kwa ajili ya mpira. Kwa kuendeshea kati ya watu, sina nyota ya kuipa. Mnaotaka kununua, chagueni yenye kibano cha chuma, kile cha plastiki kinapasuka ukikaza. Msifunge katikati. Na mkiwa abiria, mkiona helmeti ya mbele yenu inainama, gongeni bega, mwambieni aweke simu mfukoni, njia mtamwelekeza nyie. Muuzaji yuko mtaa wa vifaa vya pikipiki, usikubali zaidi ya 12,000.