Nimelipia cheti, nikapata mzee

Nyota nne kati ya tano. Mpango huu wa kufunza viongozi wa mlima ungekuwa wa darasani tu ningeupa moja, na hiyo moja ingekuwa ya chai.

Kampuni siitaji jina. Nitaisifu na nitaisema, na Kasese ukubwa wake unajulikana. Wahusika wakisoma watajijua. Ni moja ya zile kampuni ndogo zinazopandisha wageni milima ya Rwenzori, hapa Uganda, na kando ya biashara hiyo inachukua vijana wanaotaka kuwa viongozi wa mlima. Unalipa ada, unasoma wiki chache mjini, kisha unakabidhiwa kwa kiongozi mmoja mzoefu. Unafuatana naye msimu wa Juni hadi Agosti na ule wa Desemba hadi Februari, miezi ambayo mvua ya kule juu hupungua. Nimesema hupungua. Gambuti huvui.

Watu wananiuliza sana kama pesa ile inakwenda mahali pake, hasa wasichana, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja.

Mimi ni mtoto wa Kilembe. Babu alifuata kazi ya shaba enzi mgodi ukiwa hai, na Kiswahili cha mgodini ndicho kilichobaki nyumbani kwetu mgodi ulipofungwa. Kabla ya mpango huu nilikuwa mpagazi. Ukiitazama kwa nje, ngazi ya kazi hii ni nyepesi: unabeba mizigo, unaingia jikoni, unakuwa msaidizi, unakuwa kiongozi. Lakini wapo wanaobeba mpaka mvi zinawatoka, na miguu wanayo, akili wanayo. Walichokosa ni mtu wa kuwataja kwa yule anayepanga majina ya safari. Na kwetu kutajwa ni kazi, maana Wakonzo hupewa majina kwa mpangilio wa kuzaliwa: mtoto wa pili wa kiume ni Bwambale, wa tatu ni Masereka. Simama Nyabitaba, kibanda cha kwanza njiani, jioni, wapagazi wakiota moto, uite "Bwambale!" uone vichwa vingapi vitageuka. Ofisini wakiambiwa Bwambale anajua kamba, swali la kwanza ni Bwambale yupi. Lazima awepo mtu mwenye uzito wa kujibu kwamba ni huyu hapa, nililala naye kibanda cha Elena kule juu, nimemwona akifanya kazi.

Hicho ndicho ninachokipima kwenye tathmini hii. Cheti wanatoa, kizuri, cha rangi. Sijamsikia bado mgeni aliyeomba kukiona.

Darasa tulimalize haraka. Ukumbi wa kukodi, projekta, mkufunzi wa kutoka nje, mpole, mwenye ujuzi wake. Siku nzima ilikwenda kwenye maporomoko ya theluji ya milima ya Ulaya, somo la maana kwa anayekwenda huko. Huduma ya kwanza ilikuwa nzuri kweli: dalili za ugonjwa wa mwinuko, maji kujaa mapafuni, ubongo kuvimba, na amri ile isiyo na mjadala kwamba hali ikiwa mbaya dawa ya kwanza ni kushuka. Pia alituonyesha picha za Vittorio Sella, mpiga picha aliyefuatana na Duke wa Abruzzi, wa ukoo wa kifalme wa Italia, mwaka 1906 walipopanda vilele vikuu vya Rwenzori, halafu akaweka pembeni picha za siku hizi. Ukumbi ulinyamaza. Barafu yote ile, na sasa mwamba.

Kuna kingine nilichokipenda. Alitusimulia habari za Tenzing Norgay, kwamba alianza Everest mwaka 1935 akiwa mpagazi tu, kwenye msafara wa Eric Shipton, na Shipton mwenyewe ndiye aliyemchagua miongoni mwa vijana waliokuwa wamejipanga. Mwaka 1952 alikuwa amefungwa kamba moja na Raymond Lambert wa Uswisi juu kabisa karibu na kilele, 1953 akafika kileleni na Edmund Hillary, kisha akawa mkuu wa mafunzo kwenye chuo cha wapanda milima kule Darjeeling. Mkufunzi aliisimulia kama habari ya juhudi. Mimi nilibaki nawahesabu waliomwita.

Sasa mzee. Simtaji naye, ila tulimwita Mzee tu na inatosha. Alianza kubeba akiwa kijana wa Ibanda, akifuata nyayo za wakubwa wake. Waasi wa ADF walipoingia milimani, hifadhi ilifungwa kuanzia 1997 mpaka 2001, naye akarudi kwenye kahawa yake. Akizungumzia miaka ile halalamikii pesa za wageni. Anachosema ni kwamba vijana waliotakiwa kufuatana na wazee wakati ule walitawanyika, na wazee wengine wakazikwa na walichokijua. Ukimsikiliza unaelewa kwa nini anafundisha kama mtu anayedaiwa.

Mafundisho yake hayana ratiba. Unatembea nyuma yake, na ghafla anasimama kukuuliza. Jabali lile ukija na ukungu utalijua? Daraja likienda na maji utavukia wapi? Vinamasi vya Bigo alinipitisha njia ya mbao, kisha akanirudisha nipite pasipo na mbao, nikanyage vichuguu vya nyasi kimoja baada ya kimoja, kwa sababu mbao huoza na mgeni hatakuja na fundi seremala. Jioni, kamba. Fundo la nane kwanza mikono mitupu, halafu na glovu, halafu na glovu zilizolowa, na mwisho macho yamefumbwa huku yeye akikuongelesha habari za ng'ombe wa jirani. Darasani nilifunga fundo lile lile mezani kwa dakika moja nikapigiwa makofi.

Lakini alichonipa ambacho sijakiona kwenye kitabu chochote ni kijiko. Tulikuwa John Matte, kibanda chenye jina la Mkonzo aliyepanga safari za wapandaji enzi za nyuma, wageni wanakula. Mzee akaninong'oneza: "Binti, usiwaangalie usoni. Angalia vijiko." Mgeni aliyelipa pesa nyingi atakuambia hana maumivu ya kichwa. Atacheka, atapiga picha, atauliza habari za mimea ya lobelia. Kijiko hakimsikilizi. Yule anayekizungusha kwenye supu bila kukipeleka mdomoni, anayempa mwenzake nyama yake, huyo mlima umeshamgusa, na kesho yake ndiye wa kutembea naye karibu na kumpima. Mkufunzi naye alisema kukosa hamu ya chakula ni dalili. Ilikuwa kwenye orodha, mstari wa tatu au wa nne. Kutoka kwenye orodha ile mpaka kukaa kibandani na kusoma meza nzima bila mtu kujua unamsoma, kuna safari, na safari hiyo hufiki peke yako.

Na kuna siku ya kugeuka. Hii naieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyobadilisha kazi yangu.

Kutoka Elena, mita 4,541, watu huondoka usiku ili wapande Margherita, mita 5,109, kilele cha mlima wa tatu kwa urefu Afrika, na kurudi kabla hali ya hewa haijaharibika. Njia yenyewe haitulii. Barafu inarudi nyuma, na palipokuwa pa kukanyaga kwa kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya kiatu, msimu uliopita sasa pana mwamba mtupu unaoteleza, kwa hiyo ramani ya kichwani lazima ifanywe upya, na Mzee hunitanguliza niitafute mimi huku yeye akifuata bila neno. Usiku ule alinipa kazi ya kuwaeleza wageni mpango. Nikawaambia: saa nne asubuhi, popote tulipo, tunageuka.

Saa nne ilitukuta chini ya barafu ya mwisho, mawingu yamefunga, mgeni mmoja anajikwaa kwenye sehemu tambarare. Nikasema tunageuka. Mwenzake, mtu mzima mrefu, hakunijibu. Alinipita kwa macho, juu ya kichwa changu, akamtazama Mzee. Kila mwanamke anayefanya kazi hii anayajua macho hayo. Mzee akainama, akaanza kukaza upya mikanda ya kramponi zake, ambazo zilikuwa zimekazwa vizuri tu. Akakaza wa kushoto. Akaulegeza. Akaukaza tena. Hakuinua uso mpaka yule bwana alipolazimika kuniuliza mimi, na mimi nikamjibu, tukashuka.

Hajawahi kuizungumzia siku ile. Ila msimu uliofuata ofisi ilinipa kikundi changu, na aliyepeleka jina ni yeye.

Kumbukumbu za safari anataka ziandikwe kwenye daftari la shule, Picfare la kawaida: tarehe, njia, hewa, ulichofanya mwenyewe, na mahali ulipoingiwa na shaka. Hilo la mwisho ukiliacha wazi hasaini. Nilimsimulia kwamba Uingereza anayetaka cheti cha kuongoza watu milimani lazima awe na angalau siku 20 za mlimani kwenye kumbukumbu zake kabla ya mafunzo, na 40 kabla ya mtihani. Akauliza nani anasaini. Nikamwambia mtu anajiandikia mwenyewe, mtahini anakagua baadaye. Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sicheki sana. Siku nikitaka kazi nje ya Uganda, daftari lile ndilo nitakaloanzia, na ningependa kampuni ilipatie sura rasmi, hata muhuri tu.

Tukishafika hapo, tuwaseme.

Vifaa. Kramponi za wanafunzi zilikuwa za miguu ya wanaume, na hanesi, mikanda ya kiunoni ya kufungia kamba, ilinizunguka kama gunia. Mtu anayejifunza barafu na kiatu kinachocheza anajifunza kuogopa. Niliazima za kikundi kingine, na si kila mtu ana wa kumwazima.

Pesa. Ada haina kiingilio cha hifadhi ndani yake, na hilo huambiwi mpaka begi limefungwa. Posho ya mwanafunzi, ile ndogo wanayokulipa ukishaanza kusaidia, huchelewa, na ukiuliza unaambiwa mhasibu amekwenda Kampala. Huyo mhasibu Kampala ana nyumba sasa. Tipu nazo: wageni humpa kiongozi bahasha moja, na hakuna maandishi yanayosema mwanafunzi anapata kiasi gani. Mzee wangu alinigawia bila kuombwa. Mwingine je?

Na hapo ndipo nyota ya tano ilipoangukia. Mpango mzima umesimama juu ya mtu unayekabidhiwa kwake, na kampuni inawapanga kwa nani yupo siku hiyo. Mwenzangu wa darasani, kijana hodari kuliko mimi kwenye mwamba, alipangwa na kiongozi aliyemgeuza mbeba begi lake binafsi, akamfulia soksi msimu mzima, na kamba hakuishika. Alilipa ada ile ile. Alipolalamika aliambiwa avumilie, wakubwa ndivyo walivyo. Sasa yuko Jinja kwenye maboti ya mto Nile, na nasikia huko amempata mtu wa kumfundisha. Mlima umempoteza. Viongozi wanaolea hawalipwi hata shilingi ya ziada kwa kazi hiyo, hawachujwi, na hakuna anayemuuliza mwanafunzi katikati ya msimu mambo yanakwendaje. Mzee bora na mzee mbovu wanahesabiwa sawa, na hilo kampuni inaweza kulirekebisha kesho ikitaka.

Kwa wasichana niongeze kidogo. Vibandani kulala ni pamoja, na hilo usilifanye siri nyumbani. Ongea na mama yako mapema kabla jirani hajaongea naye. Mzee aliweka sheria yake kwamba kona ya ndani ni yangu na hakuna mzaha wa usiku, na wapagazi waliifuata kwa sababu ameisema yeye. Sheria hiyo ingepaswa kuwa ya kampuni, imebandikwa ukutani.

Anayetaka elimu ya wanyama na hifadhi kwa ujumla, chuo cha Uganda Wildlife Research and Training Institute kipo pale Katwe, ni njia nyingine na ina heshima yake. Huu mpango ni kwa anayetaka mlima.

Ukiamua kujiunga, usilipe siku ya kwanza. Uliza unakabidhiwa kwa nani, upewe jina, kisha uende Ibanda ukawaulize wapagazi wake, kwa kuwa wao hawana cha kuficha. Omba kutembea naye mpaka Nyabitaba tu, siku moja, kama msaidizi wa mizigo. Akikataa, omba mwingine. Taka mgawo wa tipu na tarehe za posho viandikwe. Pima kramponi pale pale ofisini ukiwa umevaa viatu utakavyopandia. Wanapokea malipo kwa simu, ila nenda mwenyewe ukachukue risiti, na uhakikishe jina lako lote limeandikwa.