Darktable kwenye kazi za harusi: miaka miwili ya kuediti RAW na kwanini nimebaki nayo

Vijana wa kamera wananiuliza sana, kaka unatumia programu gani kuediti RAW, yaani faili mbichi la kamera, na mimi huwa nawarudishia swali, unataka kuediti tu au unataka na mwakani uzikute hizo picha pamoja na kazi uliyoifanya juu yake? Hilo la pili wengi hawajawahi kuliwaza. Mimi niliwaza Oktoba moja, umeme umekatika ukarudi kwa kishindo, laptopu ikazima na diski yake haikuamka tena. Picha zenyewe zilikuwepo, nilikuwa na nakala kwenye diski ya nje, mbichi kabisa kama zilivyotoka kwenye kamera. Ila kazi, zile siku nne nilizokesha macho mekundu narekebisha picha 640 za harusi moja ya Tabata, ilikuwa ndani ya faili moja la katalogi, yaani daftari la programu linalotunza marekebisho yote, lililokuwa kwenye diski iliyokufa, na nakala yake sikuwa nayo. Nikaanza upya, picha ya kwanza mpaka ya 640. Tangu siku hiyo nikikutana na programu yoyote ya picha, kabla sijaangalia ina vitufe vingapi nauliza kwanza kazi yangu itaitunza wapi.

Kwa ambaye bado anapiga JPEG nimweleze kidogo. JPEG ni chakula kilichopikwa tayari, kamera imeshaamua chumvi na moto, imebaki na ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Ndiyo maana uso uliozama gizani ukiuvuta juu kwenye JPEG unatoka mabaka mabaka, kwenye RAW unapanda vizuri. Na faili la RAW lenyewe haliguswi, programu karibu zote za aina hii zinaandika maelekezo pembeni, ongeza mwanga kiasi hiki, kata hapa, punguza bluu pale, halafu wakati wa kutoa JPEG ya mteja ndipo maelekezo yanatekelezwa. Sasa ujue kwamba hayo maelekezo ndiyo jasho lako. Yakipotea umebaki na unga na mafuta, mandazi hakuna.

Darktable ni ya bure, msimbo wake uko wazi, mradi ulianza 2009 na Johannes Hanika ndiye aliyeuanzisha, na hadi leo watu wa kujitolea wanaiendeleza, toleo jipya linatoka mara mbili kwa mwaka, katikati ya mwaka na kipindi cha Krismasi. Jina limetoka kwenye studio za enzi za filamu, meza ya mwanga ya kukagulia negativu na chumba cha giza cha kusafishia, na ndivyo programu ilivyogawanywa, upande mmoja unachagua na kupanga, upande wa pili unaediti. Windows iliingia rasmi na toleo la 2.4 mwisho wa 2017, kabla ya hapo ilikuwa ya watu wa Linux na Mac.

Kilichonifunga kwake ni hiki. Kila picha unayoigusa inapata kijifaili cha XMP pembeni yake hapohapo kwenye folda, picha ikiitwa IMG_0412.CR2 jirani yake unakuta IMG_0412.CR2.xmp, kina KB chache tu, na ndani mna nyota, lebo, maneno ya kutafutia na hatua zote za kuediti. Databesi ipo pia, inaitwa library.db, lakini hata ikifa unaingiza folda upya na kila kitu kinarudi ulivyokiacha. Sikutaka kuamini maneno ya watu, nikachukua harusi nzima nikaikopi kwenye kompyuta ya mdogo wangu ambayo ilikuwa haijawahi kufunguliwa darktable, nikaingiza folda, nikasubiri. Zote zikaja, rangi zilezile, makato yaleyale. Siku hiyo nililala vizuri. Siku hizi nikikopi folda ya harusi kwenda diski ya nje najua nimekopi na kazi yangu.

Ila mtu asikudanganye kwamba XMP ni pasipoti ya kwenda programu yoyote. Nyota na maneno ya kutafutia yanasafiri vizuri, hatua za kuediti hazisafiri, kwa sababu kila programu ina hesabu zake za rangi. Ukihama na picha elfu kumi zilizoeditiwa, zile za zamani zitoe JPEG au TIFF kubwa uzitunze, usitegemee kuzifungua kwingine zikafanana.

Sasa Lightroom ya kampuni ya Adobe, maana najua ndiyo wengi mnayo. Ni programu nzuri na sisemi hivyo kwa adabu tu. Iko sokoni tangu 2007, mafunzo yake yamejaa kila mahali, na ile kuchagua mtu au anga yenyewe kwa akili bandia, iliyoingia mwaka 2021, inaokoa muda mwingi sana, halafu 2023 wakaongeza ya kuondoa chengachenga, vile vijidoa vya picha iliyopigwa gizani, ambayo kwa ukumbi wenye giza ni msaada mkubwa. Shida kwangu ni mfumo wa kulipia. Toleo la 6 la mwaka 2015 ndilo la mwisho kununua mara moja likawa lako, baada ya hapo ni kama king'amuzi, kifurushi kikiisha baadhi ya chaneli zinazima, yaani picha utaziona na utazitoa lakini sehemu ya kuediti haifunguki mpaka ulipe. Kwa miaka ule mpango mdogo wa picha ulikuwa dola 9.99 kwa mwezi, 2025 wakaufungia wateja wapya. Sasa kazi za harusi zina misimu, Kwaresima na Ramadhani simu hailii, lakini dola inadaiwa vilevile. Na kama unabaki Lightroom Classic, tafadhali ingia kwenye mipangilio ya katalogi uwashe ile ya kuandika mabadiliko kwenye XMP, maana kawaida kila kitu kinakaa kwenye katalogi peke yake. Fanya leo.

Nitasema kidogo na za kreki, yaani programu za kulipia zilizovunjwa kufuli zitumike bure. Nimeona wenzangu wanazo nyingi, na mimi nishawahi. Unafungua laptopu yenye picha za familia za watu, watoto, mama za watu wakiwa wanavalishwa, unaipa programu ambayo mtu usiyemjua ameifungua akaweka anachotaka ndani. Wateja wametuamini na vitu vikubwa, na za bure zipo, hatuna sababu.

Nyingine nimezijaribu kwa muda mfupi kwa hiyo nazipitia haraka. Capture One ya Denmark, mtu wa studio anayepiga kamera ikiwa imeunganishwa na kompyuta kwa waya, picha inaingia moja kwa moja kwenye skrini mteja anaona, hiyo ndiyo nyumbani kwake. DxO PhotoLab ya Ufaransa, kwenye kuondoa chengachenga na kunyoosha lenzi ni moto, na unainunua mara moja, inasoma folda zako bila kudai uingize kwanza. RawTherapee ni ya bure pia na matokeo yake ni mazuri mno, ila kupanga picha nyingi siyo kazi yake. Canon wana Digital Photo Professional na Nikon wana NX Studio, za bure, rangi zinatoka kama ulivyoziona nyuma ya kamera, mtu mwenye kamera moja na picha chache anzia hapo kwanza.

Nirudi ukumbini. Anayepiga harusi zetu anajua, MC ameshapandisha mzuka, maharusi wanaingia, na yule wa taa anawasha zambarau na bluu. Ngozi ya maji ya kunde inageuka kama imepakwa wino, na shela nyeupe inawaka mpaka darizi hazionekani, bwana harusi naye suti nyeusi na uso mweusi vyote vimemezwa. Hapa ndipo darktable ilinipa heshima. Kila zana ya kuediti humo inaitwa moduli, na kwenye moduli ya kurekebisha rangi kuna kitelezi cha kubana rangi zilizopitiliza, kimewekwa hasa kwa hizi taa za LED za bluu, ukikisogeza taratibu ile bluu inaacha kuwa doa bapa na unaanza kuona shavu, pua, tabasamu. Halafu moduli ya sigmoid, iliyokuja na toleo la 4.2 mwisho wa 2022, inalainisha mwanga mkali usikatike ghafla, na ina kitelezi cha kuamua rangi ibaki ileile kiasi gani inapokaribia weupe. Kwa ngozi zetu zenye wekundu ndani yake hicho nakichezea kila harusi.

Na kuna moduli ya kusawazisha mwanga kwa ngazi, unaweka kishale juu ya uso wa bwana harusi, unazungusha gurudumu la mausi, uso na vitu vyote vya giza la namna hiyo vinapanda, shela haiguswi. Mara ya kwanza nilikaa nusu saa naizungusha mbele nyuma. Kuna bibi mmoja kwenye harusi ya Kigamboni alikaa kona yenye giza karibu na jenereta, kanga yake nzuri, mkono kidevuni, mimi nilishaipa ile picha alama ya kukataliwa. Miezi saba baadaye wajukuu wakanipigia, bibi amefariki, kaka huna picha yake yoyote ya siku ile? Nilizirudia mpaka zile zilizokataliwa, nikampandisha kwenye giza lake, wakaichapa kubwa ikawekwa msibani. Tangu hapo za kukataliwa nazitenga tu kwa kitufe cha R, sizifuti.

Kwenye kuchagua, vidole viwili vinatosha. Namba 1 hadi 5 ni nyota, R ni kataa, F1 hadi F5 ni lebo za rangi, X inakuwekea picha mbilimbili au nnenne upande kwa upande uone nani kafumba macho. Mimi nyota 1 ni inafaa, 3 ni ya albamu, lebo nyekundu ni ya kuchapa. Picha moja nikishaimaliza, nakopi hatua zake kwa Ctrl+C nabandika kwa zote za mwanga uleule, kwa hiyo kanisani ni kuediti picha moja, ukumbini tatu au nne, iliyobaki ni kukagua. Kamera yangu ni ya megapikseli 24, faili kama MB 27, harusi ya picha 3,000 inakula GB 80 hivi na hazitoshi kwenye laptopu, basi kuna kitu kinaitwa nakala za karibu, unateua zile 600 za mteja zinakuja kwenye laptopu, unaacha diski ya nje nyumbani, unaediti hata kwenye mwendokasi, ukirudi ukachomeka unazisawazisha.

Majina ya folda naanza na mwaka, mwezi, siku halafu jina la ukoo na tukio, 2024-08-17 na kuendelea, yanajipanga yenyewe. Kutambua sura za watu darktable yangu haina, kwa hilo nina digiKam, ya bure vilevile, inazitambua kwenye kompyuta yako mwenyewe bila kupeleka chochote intaneti, na majina inaweza kuyaandika kwenye XMP ukiiambia. Ila zisifunguliwe zote mbili kwa pamoja kwenye folda moja, zitaandikiana juu.

Ugumu upo na lazima niuseme wazi. Ni programu ngumu kuanza. Moduli ni nyingi kupita kiasi, nyingine mbili tatu zinafanya kazi inayofanana kwa sababu za zamani zimeachwa ili picha za zamani zifunguke, na mtu mgeni hajui aguse ipi. Mwezi wa kwanza picha zangu zilikuwa mbaya kuliko JPEG ya kamera, nikakaribia kuacha. Kilichonisaidia ni kuzificha zote nikabaki na saba: mwangaza, mizani ya weupe, kurekebisha rangi, sigmoid, kusawazisha kwa ngazi, kuondoa chengachenga, kukata. Kuchagua mtu kwa kubofya mara moja hakuna kwenye toleo ninalotumia, unachora mwenyewe au unachagua kwa mwanga na rangi, na kwa mwenye harusi tatu kwa wiki hilo ni saa nyingi.

Mashine nayo. Laptopu yangu ni used ya Kariakoo, nilianza na RAM ya GB 8, ilienda lakini chengachenga ukiiwasha inavuta pumzi, nikaongeza ikawa 16 na mambo yakatulia. Kama una kadi ya michoro inayokubali OpenCL, njia ya kuipa kadi hiyo sehemu ya hesabu za picha, iwashe kwenye mipangilio, tofauti utaiona wakati wa kutoa JPEG mia sita. Na kabla hujanunua kamera mpya angalia orodha ya kamera kwenye tovuti yao, mfano Canon walileta faili za RAW za aina ya CR3 mwaka 2018 na darktable ilianza kuzisoma toleo la 3.8 mwisho wa 2021. Karibu miaka minne ni mingi kama una mteja Jumamosi.

Toleo jipya likitoka usiliweke katikati ya kazi. Likishafungua databesi yako linaibadilisha, la zamani haliisomi tena, kwa hiyo kopi kwanza mafaili yake mawili, library.db na data.db, pembeni. Nina sendofu Mbagala wiki hii na albamu mbili za kukabidhi, langu jipya nimeshalipakua na litakaa hapo mpaka wachukue albamu zao.